Panya wa Ghalani na Panya wa Vitabuni

Maelezo ya Mkaguzi wa Ushirika mbele ya makatibu, watunza ghala na wajumbe wa kamati za usimamizi wa vyama wanachama



Nimepewa nafasi ya kuzungumza nanyi kabla ya msimu wa kupokea mazao kuanza, nami naomba nafasi hiyo niitumie yote kwa panya. Naona baadhi yenu mnatabasamu. Hata hivyo, katika vitabu vya vyama ninavyovikagua hakuna mdaiwa mkubwa kuliko huyu. Hana namba ya uanachama, hana hisa, wala hajahudhuria mkutano mkuu hata mmoja. Lakini kila mwisho wa msimu huandikiwa mahindi, mpunga, alizeti na maharage, na kila mwaka deni lake hufutwa kwa kauli moja. Mstari wenyewe huwa mfupi sana: "Upungufu, umeliwa na panya." Chini yake kuna sahihi ya mtunza ghala, na chini ya sahihi hiyo kuna ya katibu.

Leo ningependa tuutazame mstari huo, kisha tuone ni jinsi gani ghala linaweza kujengwa na kutunzwa hata mstari huo ukakosa pa kuandikwa.

Katika chama kimoja, ambacho sitakitaja, yalipokelewa magunia 1,080 ya mahindi, kila moja kwa uzito wa kilo 100. Magunia yalikaa ghalani siku 90. Siku ya kuuza, mnunuzi alipima kwa mizani yake, na zikakosekana kilo 548. Mtunza ghala, kijana aliyekuwa katika mwaka wake wa pili wa kazi, aliandika mstari ule ule. Kamati ikagawanyika. Wengine walitaka upungufu ufutwe kama ilivyo desturi, na wengine walitaka kijana akatwe mshahara, na thamani ya kilo 548 ilizidi mshahara wake wa mwezi. Kijijini alikwisha kuitwa mwizi, na mkewe, kama nilivyoambiwa, alikuwa haendi tena kisimani saa ambazo wenzake wapo.

Niliomba karatasi na kalamu, tukakaa mimi, katibu na wajumbe wawili, tukafanya hesabu ifuatayo. Nawaomba nanyi mwifuate, maana ni hesabu ya darasa la nne.

Panya wa darini aliyekomaa ana uzito wa gramu 150 hadi 200 hivi. Kwa siku hula chakula kinachokaribia sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Tumkirimu, tuseme anakula gramu 20 za mahindi kila siku, bila kufunga hata siku moja. Kwa siku 90 atakuwa amekula kilo 1 na gramu 800. Basi kilo 548, ukizigawanya kwa kilo 1.8, zinahitaji panya 304, wote wazima, wote waishi humo ghalani tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Sasa panya mmoja huangusha punje 40 au zaidi za kinyesi kila siku. Panya 304 wangeangusha punje zaidi ya 12,000 kwa siku, na kwa siku 90 zaidi ya punje milioni moja. Mtu asingeweza kukanyaga sakafu ya ghala lile bila kuteleza. Tulipoingia kufagia, kinyesi chote tulichokikuta nyuma ya magunia kilienea katika kiganja kimoja.

Panya walikuwamo, siwatetei. Tulikuta tundu chini ya mlango na magunia matatu yaliyotafunwa pembeni. Tunajua pia kwamba panya humwaga na kuchafua kuliko anavyokula. Lakini nafaka iliyomwagika haitoki ghalani. Ipo sakafuni, yaweza kufagiwa, kupepetwa na kupimwa. Na unyevu je? Mahindi yakiingia na unyevu wa asilimia 15 yakakauka hadi 13, kila kilo 100 hupoteza kilo 2 na gramu 300 bila mtu kugusa punje. Wapo watunza ghala walioadhibiwa kwa kosa la jua. Ila katika ghala lile kipima unyevu kilionyesha 13 siku ya kupokea na 13 siku ya kuuza, kwa hiyo mlango huo nao ulifungwa.

Ndipo tukaomba mawe ya mizani yaliyohakikiwa, matano ya kilo 20, tukayapanga juu ya mizani ya chama. Mizani ikasoma kilo 100 na nusu. Nusu kilo mara magunia 1,080 ni kilo 540. Zilizobaki ni kilo 8, na kilo 8 ni kazi ya panya wanne au watano. Muhuri wa uhakiki kwenye mizani ile ulikuwa umepitwa na muda wake. Kila aliyeleta gunia alilipwa nusu kilo ambayo hakuileta, wala hakujua, na chama kizima kikaubeba mzigo huo. Kama kamati ingefuta deni kwa jina la panya, mizani ile ile ingepokea mazao ya msimu uliofuata. Na kama ingemkata kijana mshahara, ingekuwa imemwadhibu mtu ambaye kosa lake lilikuwa ni kuandika sababu aliyoizoea kuiona katika kurasa za waliomtangulia.

Kwa hiyo ninaposema ghala lizibwe panya wasiingie, sisemi tu kwa ajili ya zile kilo 8. Nasema kwa sababu ghala lenye matundu humpa kila mtu sababu ya bure. Mwizi hujificha nyuma ya panya, na mizani mbovu hujificha humo humo. Mtu mwaminifu naye, akiogopa kushukiwa, hukimbilia huko.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Tunao panya wa namna nyingi, lakini mtunza ghala inamtosha kuwajua watatu. Wa kwanza ni panya wa darini, mwenye mkia mrefu kuliko mwili, hodari wa kupanda, ambaye hutembea juu ya waya na boriti kana kwamba ni barabara kuu. Wa pili ni panya shamba, ambaye majike yake yana matiti mengi, yafikayo hata 24. Huyu hubeba mimba kwa siku 23 hivi na huzaa kwa wastani watoto 11 kwa mara moja. Mvua zikiwa nzuri na chakula kikiwa tele shambani, huongezeka hadi wakulima wakasema wameteremka kutoka mbinguni. Kisha mavuno yakiisha shambani, huhamia majumbani na maghalani. Wa tatu ni yule mdogo wa nyumbani, ambaye watu humdharau kwa udogo wake, na udogo huo ndio silaha yake.

Panya wa ukubwa wa kawaida aliye mchanga hupita katika tundu la milimita 12. Yule mdogo hupita katika tundu la milimita 6 au 7. Mkitaka kipimo kisichohitaji rula, chukueni kalamu ya risasi: ikipenya chini ya mlango, panya mdogo naye atapenya. Katika ziara zangu hutembea na kalamu ya risasi mfukoni, na nimekuta milango ya maghala ambayo mtu angeweza kupitisha chini yake si kalamu, bali kiatu.

Mlango ndio wa kwanza kutazamwa. Sehemu yake ya chini ivalishwe bati kwa kimo cha sentimita 30, ndani na nje, kwa sababu panya hutafuna mbao, hutafuna plastiki, hutafuna hata lipu iliyopigwa kwa saruji haba. Bati zuri la chuma humshinda. Pili ni mahali ukuta unapokutana na paa. Mafundi wetu wengi huacha uwazi hapo kwa ajili ya hewa, nao ni uamuzi mwema, maana nafaka isiyopata hewa huota ukungu, na sote tunakumbuka mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu walivyokufa kwa sumukuvu ya mahindi. Kwa hiyo uwazi usizibwe kwa matofali. Uwekwe wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 6. Wavu wa mabanda ya kuku haufai. Nimeuona umepigiliwa katika maghala mawili kwa ustadi mkubwa, na panya wakipita katikati yake bila hata kuinamisha masikio.

Ndani, magunia yapangwe juu ya chaga, mbali na ukuta kwa mita moja, ili mtu mzima aweze kulizunguka rundo lote akiwa na tochi. Najua mtaniambia ghala ni dogo na msimu ni mkubwa. Lakini gunia lililogusa ukuta halikaguliki, na panya akijenga nyuma yake hamtajua hadi siku ya kuuza. Nje, nyasi zifyekwe mita 3 kuzunguka jengo, na matawi ya miti yaliyoinamia paa yakatwe, maana panya wa darini na kindi hawahitaji mlango wakipata tawi.

Nimetaja kindi, wengine humwita kuchakulo. Huyu ni mgeni wa mchana. Ghalani haingii sana, lakini kwenye vichanja vya wanachama wetu, ambako mahindi hukaa yangali na magunzi yake yakikauka, huja saa nne asubuhi mbele ya macho ya watu. Na kwa kuwa mahindi ya kwenye kichanja leo ndiyo ya ghalani kesho, naona ni wajibu wa chama kuwafundisha wanachama kujenga vichanja vyenye vizuia panya.

Waliowahi kufika bandari ya Tanga, Dar es Salaam au Mombasa wameona, kwenye kamba nene zinazofunga meli gatini, sahani kubwa za bati zilizopachikwa katikati ya kamba. Hizo si mapambo. Panya hutembea juu ya kamba, hufika kwenye sahani, hukosa pa kushika kucha, hurudi alikotoka. Kizuia panya cha kichanja ni sahani hiyo hiyo iliyofungwa kwenye nguzo. Chukua bati bapa, si la migongo, kwa sababu la migongo halilali vizuri kuzunguka nguzo na huacha mianya. Kata duara la upana wa sentimita 60, pasua mstari mmoja hadi katikati, toboa tundu la kuenea nguzo, kisha likunje kama faneli iliyopinduliwa, mdomo mpana ukitazama chini. Lifunge kwa misumari juu ya nguzo, mdomo wake ukiwa mita moja kutoka ardhini. Panya huweza kuruka juu kwa zaidi ya nusu mita akiwa amesimama, na akitiwa hofu huruka zaidi. Mita moja inamshinda. Bati bapa moja la mita 2.4 kwa 1.2 hutoa vipande 8 vya kutosha nguzo 8, yaani vichanja viwili vya nguzo nne. Debe la zamani likipasuliwa na kunyooshwa nalo hufaa, mradi lisiwe na kutu, kwani kutu humpa panya pa kushikia.

Na hapa ndipo kazi nzuri huharibika. Nimeona kichanja kimejengwa barabara, nguzo nne, faneli nne, kimo sahihi. Kisha mwenyewe ameegemeza ngazi. Au baiskeli. Au mti wa mpapai umeota nusu mita kutoka ubavuni. Panya hahitaji nguzo nne. Inamtosha njia moja. Ngazi iondolewe kila baada ya kutumiwa, na pasiwe na kitu cho chote, mti, ukuta au kamba ya kuanikia nguo, ndani ya mita 3 kutoka kwenye kichanja.

Kanuni hii si yetu peke yetu. Katika nchi ya Marekani kuna desturi ambayo wengine mtaiona ya ajabu: watu huweka mbegu za alizeti katika vyombo vilivyotundikwa uani, si kwa ajili ya kuku, bali kwa ajili ya ndege wa porini, ili wapate kuwatazama wakila. Hununua mbegu hizo kwa fedha zao. Adui zao ni wawili. Mmoja ni kindi, ambaye kwao ni mkubwa kuliko wengi wa hapa petu, na huruka zaidi ya mita moja kwenda juu na mita mbili kwenda mbele. Wa pili ni mnyama wa huko aitwaye rakuni, mkubwa kuliko paka, mwenye uso wenye alama nyeusi kama mtu aliyejifunga kitambaa machoni. Huyu hutembea usiku, na vidole vyake vya mbele ni kama vya mtoto: hufungua vifuniko, hufungua komeo, na akishindwa kufungua hukibeba chombo kizima. Watu wale wamejaribu mafuta ya kulainisha nguzo, ambayo si jambo jema kwa kuwa huharibu manyoya ya ndege, na wamejaribu vyombo vya bei kubwa. Lakini kinachowafaa kwa kweli ni kile kile: nguzo laini ya chuma, faneli ya bati kwenye kimo cha mita moja na nusu, na umbali wa mita 3 kutoka mti wo wote. Na kwa rakuni, wengi hukiingiza chombo ndani jua linapotua.

Wana pia hila moja ambayo nimeona niwaeleze, kwa kuwa inahusu kuku wetu. Huchanganya mbegu na pilipili. Ndege haoni ukali wa pilipili. Mwili wake haukuumbwa kuusikia. Kindi na rakuni, kama sisi, huungua midomo. Akina mama hapa wanalijua jambo hili kwa njia yao, maana kuna desturi ya kuwatilia kuku pilipili kichaa katika maji ya kunywa, na hakuna aliyemwona kuku akikataa. Hata hivyo, siwashauri kuitumia hila hii ovyo. Vumbi la pilipili huingia machoni mwa anayechanganya, huingia na machoni mwa kuku pia. Na kwenye nafaka ya chama, ambayo ni chakula cha watu, isitumike kabisa.

Kwa vikundi vyetu vya kufuga kuku njia ni nyepesi zaidi. Kuku hali gizani, panya hula gizani. Basi chombo cha chakula kitolewe bandani jioni, chakula kilichobaki kirudishwe katika pipa la chuma lenye kifuniko kizito, na asubuhi kitiwe upya. Kikundi kinachoacha pumba na mashudu bandani usiku kucha kinafuga kuku mchana na panya usiku, kwa gharama moja. Chombo chenyewe kitundikwe kwa waya mwembamba, kwa kimo cha mgongo wa kuku, kuku wasipate kukichakura kikamwagika.

Juu ya paka nitasema machache. Paka ni mlinzi mwema wa nyumba, lakini katika ghala la magunia elfu moja hawezi kushindana na jike linalozaa watoto 11 kila baada ya wiki chache. Akikuta panya wachache waliopenya atawamaliza. Akikuta mlango ulio wazi atachoka kabla yao. Tena kinyesi chake juu ya magunia si bora kuliko cha panya.

Sumu nayo ina mahali pake, nayo ni mahali pa mwisho. Sumu kali inayoua mara moja huwafundisha waliobaki: panya huonja kidogo kwanza, na akiugua asife, haigusi tena, hivyo mnabaki na panya wenye elimu. Zile zinazozuia damu kuganda hufanya kazi polepole na haziwatii shaka, lakini lazima ziwekwe katika visanduku vyenye tundu dogo, nje ya nafaka, na mizoga ifukiwe. Ama sumu zinazouzwa stendi na minadani katika vichupa visivyo na jina, naagiza, kwa kadiri ya mamlaka niliyo nayo, zisiingie katika ghala lo lote la chama. Nyingi ni dawa za wadudu wa mashambani zilizogeuzwa matumizi, na watoto wamekufa kwazo.

Pamoja na hayo, naomba tumwachie bundi. Najua yanayosemwa. Bundi akilia juu ya paa watu huokota mawe, na wapo wanaoanza kuhesabu wagonjwa wa mtaa. Lakini bundi mmoja mwenye makinda hukamata panya kadhaa kwa usiku mmoja, hadai posho, wala hatumwoni katika daftari la mishahara. Akitua juu ya paa la ghala, maana yake ni kwamba chini yake kuna panya. Kapigeni tochi ghalani, msimpige mawe.

Wahamali nao wana haki yao katika jambo hili. Wao ndio hubeba magunia kichwani na mabegani, na mkojo wa panya ulio juu ya gunia hugusa ngozi yao kwanza. Mwaka 1980 tauni ilizuka wilayani Lushoto, na katika miaka iliyofuata maelfu ya watu waliugua na mamia wakafa. Ugonjwa huo huchukuliwa na viroboto vya panya. Mwezi Julai 2022 mkoani Lindi ulithibitishwa ugonjwa wa homa ya mgunda, ambao huenezwa kwa mkojo wa wanyama, panya wakiwamo, na watu 3 walikufa. Chama kinachonunua bati na wavu kinawakinga pia watu hao, ambao mara nyingi hawana hata kitambulisho cha matibabu. Panya aliyekutwa amekufa ghalani asishikwe kwa mkono mtupu.

Sitaki mwondoke mkidhani namwona panya kuwa mnyama asiye na akili. Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, panya buku hufundishwa kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na vimelea vya kifua kikuu katika makohozi, na mmoja wao, aliyeitwa Magawa, alitunukiwa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake huko Kambodia. Mnyama wa namna hiyo hatazuiwa kwa gunia kuukuu lililosukumizwa chini ya mlango.

Namalizia kwa vitabu, ambavyo ndivyo kazi yangu. Tangu msimu huu naomba kila ghala liwe na ukurasa wa kila wiki katika daftari la ghala, wenye mambo manne. Kwanza, unyevu uliopimwa. Pili, uzito wa nafaka iliyofagiwa sakafuni, hata ikiwa ni nusu kilo. Tatu, magunia yaliyotafunwa, kwa idadi na mahali yalipo. Nne, nyayo. Katika jambo la nyayo, nyunyizeni jioni majivu yaliyochekechwa au chokaa, upana wa kiganja, kando ya kuta na mlangoni, na asubuhi mtazame. Nyayo na mburuzo wa mkia husema panya wamepita au hawakupita, na wametokea upande gani. Mtunza ghala atie sahihi, na mjumbe mmoja wa kamati, atakayebadilishwa kila mwezi, naye atie. Ghala likiwa na kurasa kumi na mbili zilizoandikwa "hakuna nyayo," halafu zikakosekana kilo mia tano, hatutapoteza muda kuwatafuta panya. Tutaanza na mizani.

Jambo hili lina uzito zaidi kwa vyama vilivyo katika mfumo wa stakabadhi ghalani. Chini ya Sheria ya mwaka 2005, mwendesha ghala akishatoa stakabadhi anawajibika kwa kiasi na ubora ulioandikwa humo, na mwenye stakabadhi hatakubali kulipwa kwa hadithi ya panya. Vyama vinavyotumia mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa visidhani vimesalimika. Mifuko hiyo hupambana na dumuzi vizuri sana, lakini panya akitoboa tundu moja hewa huingia, na dumuzi huanza upya.

Mizani zote zipimwe kwa mawe yaliyohakikiwa kabla ya gunia la kwanza kupokelewa, si baada ya la mwisho, na tarehe ya muhuri iandikwe katika ukurasa wa mbele wa daftari la kupokelea mazao. Ofisi ya Chama Kikuu imekubali kununua bati bapa na wavu kwa pamoja ili bei iwe nafuu. Makatibu wawasilishe idadi ya nguzo, milango na urefu wa uwazi wa paa kwa mita, wasiwasilishe idadi ya mabati, kwa maana mwaka jana chama kimoja kiliomba mabati 40 kwa ghala lenye mlango mmoja. Fomu ziko kwa mhasibu. Mawe ya mizani yapo matano, yataazimwa kwa zamu, na orodha ya zamu imebandikwa ubaoni nje ya ukumbi.